Naomba ushauri: fimbo ya gemu ya bei nafuu inanisumbua

Wanajamvi, nawasalimu kutoka Kondele, Kisumu. Miezi mitatu iliyopita nilinunua fimbo ya kuchezea michezo ya kupigana, ile ya boksi lenye mkono mmoja wa kumwelekeza mhusika na vitufe vinane, kwa shilingi 4,500, nikijua wazi kwamba sikununua dhahabu, lakini sikutarajia kuchoka nayo mapema hivi.

Kasoro inayoniudhi zaidi ni mkono wenyewe: ninapouzungusha robo duara, kutoka chini kuelekea mbele, mara nyingi ile hatua ya katikati, yaani mshazari, haisomwi, na mhusika wangu husimama tu akipigwa. Nilipoufungua niliona swichi nne ndogo zilizobanwa kwenye sahani laini ya plastiki inayochezacheza, na chemchemi iliyolegea. Vitufe navyo haviitiki mpaka vigandamizwe hadi chini kabisa. Tena boksi ni jepesi mno, huteleza mezani (nimelibandika vipande vya ndara chini, na kwa kweli vimesaidia).

Nafikiria kuagiza mkono wa kampuni ya Sanwa, aina ya JLF, pamoja na vitufe vya milimita 30, ila matundu ya boksi langu nimeyapima yakawa milimita 28, na nyaya zimelehemiwa moja kwa moja kwenye vitufe. Je, aliyewahi kufanya kazi hii anaona inafaa nitanue matundu na kumpa fundi alehemu upya, au gharama ya vipuri itapita thamani ya fimbo yenyewe? Na kubadilisha swichi pekee kunaweza kuurudisha ule mshazari?