Mdogo wangu hatulii tangu aongezewe dozi: ugonjwa unarudi au ni dawa?

Dada wa Ngamiani (Tanga)

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu.

Mdogo wangu wa kiume ana miaka 23, fundi wa kuchomelea. Mwaka huu aliambiwa ana skizofrenia, ule ugonjwa wa akili wa kusikia sauti zisizokuwepo, akaanzishiwa dawa ya haloperidoli. Siku za mwanzo shingo ilimpinda upande, macho yakapanda juu hayashuki, ulimi ukawa mzito. Nyumbani wakasema ni pepo, shangazi akataka aitwe mtu wa kumsomea. Nikamkimbiza hospitali, akachomwa sindano, na haikufika nusu saa shingo ikarudi. Wakamwongezea vidonge vya Artane, vya kuzuia shingo isipinde tena. Hilo likaisha, na zile sauti alizokuwa anazisikia zikapungua sana. Tukashukuru.

Sasa kuna hili jingine. Hakai. Akiletewa chakula anakula amesimama, tonge mbili, anazunguka uani, anarudi. Akisimama mahali anakanyagakanyaga kama aliye kwenye mchanga wa moto. Kwenye swala kusimama anajikaza, lakini kikao cha tahiyatu kinamshinda. Ijumaa iliyopita alitoka kwenye safu watu wakimtazama, na tangu hapo msikitini hataki kwenda.

Kliniki iliyopita baba mdogo alimwambia daktari wa zamu kuwa kijana hatulii, daktari akapandisha dozi kutoka miligramu 5 hadi 10. Baada ya hapo ndiyo imezidi, usiku kucha nasikia ndala zake. Baba mdogo anasema ugonjwa umerudi, dozi iongezwe tena. Yeye mwenyewe anasema anataka kuacha dawa zote. Mimi naona akili yake imetulia, ni mwili tu usiotulia. Nani amewahi kuliona hili?

Msafiri wa Ziwani (Mwanza)

Dada, mimi ndiye mgonjwa, naishi na skizofrenia miaka mingi sasa, kwa hiyo nakueleza ninavyolijua hili kwa ndani.

Hali uliyoiandika ilinipata. Sauti zilikuwa zimenyamaza kabisa. Kichwa kilikuwa safi, naongea na watu vizuri. Ila ndani ya miguu kulikuwa na kitu kinachonisukuma niinuke, na nikiinuka napata nafuu kidogo, nikikaa kinaanza upya. Si maumivu wala si hofu, ingawa kikiendelea kinazaa hofu. Ndugu walikuwa wananiambia "tulia basi", na hakuna neno lililoniumiza kama hilo, kwa sababu kutulia ndicho kitu nilichokuwa nakitamani kuliko vyote.

Daktari aliyenisaidia aliniuliza swali moja: unatembea kwa sababu unataka kwenda mahali, au miguu inakulazimisha? Muulize mdogo wako hivyohivyo, mkiwa wawili tu.

Na muulize wazi kama anafikiria kufa. Usiogope kuuliza, hutampa wazo jipya. Hali hii humfanya mtu atamani kutoka kwenye mwili wake, na asiyeulizwa hasemi. Akikuambia ndiyo, usimwache peke yake na msingoje kliniki, nendeni hospitali siku hiyohiyo.

Muuguzi Mstaafu (Dodoma)

Marahaba binti yangu. Nimefanya kazi wodi za afya ya akili maisha yangu yote, na umeeleza vizuri kuliko mafaili mengi niliyosoma.

Dawa kama haloperidoli huzuia dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe kwenye ubongo. Sauti hupungua kwa njia hiyo. Lakini dopamini hiyohiyo inahusika na mwendo wa mwili, ndiyo maana matatizo haya hutokea, na kila moja lina wakati wake. Shingo kupinda na macho kupanda huja ndani ya saa au siku chache, na vijana wa kiume ndio wanaopatwa zaidi. Pepo hayumo. Kutotulia, tunakoita akathisia, huja siku au wiki chache baada ya kuanza dawa au kuongezewa dozi. Kukakamaa na kutetemeka, mtu akatembea bila kupunga mikono, huja baada ya wiki kadhaa. Midomo na ulimi kuchezacheza kwenyewe ni baada ya miezi au miaka.

Artane ilimsaidia shingo na ingemsaidia kukakamaa. Kwa akathisia mara nyingi haifanyi kazi ya maana. Kinachosaidia ni daktari kupunguza dozi, au kubadilisha dawa, au kuongeza propranololi, ile ya presha, kwa kiasi kidogo. Kosa ninalolichukia katika kazi yetu ni kuona mtu anahangaika, kudhani ni ugonjwa, kupandisha dozi, naye akazidi kuhangaika.

Asiache dawa ghafla kwa uamuzi wa nyumbani, maana sauti zinaweza kurudi kwa nguvu. Wahini kliniki kabla ya tarehe. Andika karatasini: alianza dawa lini, aliongezewa lini, kuhangaika kulianza lini. Mpangilio huo wa tarehe utamwonyesha daktari ambacho maneno ya baba mdogo yalikificha.

Akipata homa kali, mwili ukawa mgumu kama gogo, jasho jingi na kuchanganyikiwa, msingoje hata saa moja, hospitali moja kwa moja. Ni nadra, ila huua.

Mjukuu wa Likoni (Mombasa)

Samahani kuingilia. Nyanya yangu anadungwa Modecate, sindano ya ugonjwa wa akili, kila mwezi tangu mimi ni mdogo. Siku hizi mdomo unatafunatafuna hata hana kitu, watoto wa jirani wanamwigiza. Tumeanza kumpa Artane aliyokuwa nayo mtu mwingine. Twafanya sawa?

Muuguzi Mstaafu (Dodoma)

Hapana mjukuu, iacheni. Kwa hiyo ya midomo Artane inaweza kuzidisha, na kwa mzee inaleta kusahau, choo kigumu na kuchanganyikiwa. Mpelekeni atazamwe upya dawa yake yote, pengine ahamishiwe nyingine. Tangu 2017 Marekani wana valbenazini na deutetrabenazini kwa tatizo hilo, lakini bei yake ni kubwa mno. Na hao watoto waambieni ni dawa, bibi hana kichekesho.

Dada wa Ngamiani (Tanga)

Nimemuuliza jana usiku tukiwa uani. Akasema, "Dada, miguu ndiyo inayotaka, mimi nataka kulala." Kufa amesema hafikirii, ila amechoka. Baba mdogo nimemsomea maneno ya Msafiri, amenyamaza, kisha akasema kliniki atatusindikiza mwenyewe. Tunakwenda kesho. Mama, swali moja: mdogo wangu ana pumu tangu utotoni. Hiyo propranololi?

Muuguzi Mstaafu (Dodoma)

Vizuri umeuliza. Kwa mwenye pumu hapana, hubana njia za hewa. Lisemeni hilo kabla daktari hajashika kalamu. Zipo njia nyingine, na ya kwanza ni kuirudisha chini dozi iliyopandishwa. Mwombeni pia amtazame dakika mbili amekaa na dakika mbili amesimama, bila kumharakisha. Akathisia huonekana hapo, na kwenye foleni ya kliniki ni rahisi kupitwa nayo.