Tupeane uzoefu: kupokea SSM kwenye Linux, Windows na Mac, wapi palikutoa jasho?

kebo_ndefu: Wakuu habari. Wale mnaoandika programu za kupokea SSM, yaani maltikasti (data moja inayotumwa kwa wapokeaji wengi kwa pamoja) ya chanzo maalumu, unataja grupu la 232.x.x.x na IP ya seva unayotaka paketi zake tu, tupeane uzoefu. API, yaani amri za kujiunga na grupu, ilishaandikwa kwenye RFC 3678 (waraka wa viwango vya intaneti) tangu 2004 ila kila OS na mambo yake.

Naanza. Skripti ya Python iko freshi kwenye Linux, naipeleka kwenye Mac ya mteja inagoma palepale kwenye kujiunga, inasema anwani haipo. Kumbe ule mfuko wa IP tatu unaopaki kwa mkono, Linux inataka grupu, intafesi, halafu chanzo, ila Mac na Windows zinataka grupu, chanzo, intafesi mwisho, so Mac ilikuwa inaitafuta IP ya seva kwenye kadi zake za mtandao, itaipata wapi sasa 😂 Na namba ya IP_ADD_SOURCE_MEMBERSHIP, ile opsheni ya soketi ya kujiunga na grupu kwa chanzo, nayo ni 39 Linux, 15 Windows, 70 Mac. Kwenye C jaza kwa majina ya sehemu, kompaila itajipanga yenyewe.

dada_soketi: Mi Windows. Linux unabaindi (unaifunga soketi kwenye anwani) moja kwa moja kwenye IP ya grupu, Windows inakurudishia eror 10049, anwani haipo. Baindi 0.0.0.0, yaani anwani zote za mashine, maisha yaendelee.

mzee_wa_paketi: @dada_soketi ukibaindi 0.0.0.0 huku Linux nako kuna kituko chake. Programu mbili, mashine moja, poti moja, kila moja na grupu lake, na bado hii inapokea data za mwenzake! Kerneli kwa kawaida inaipa soketi magrupu yote yaliyojiungwa kwenye mashine, zima opsheni ya soketi ya IP_MULTICAST_ALL iwe 0 ndo itulie.

fundi_swichi: Nyie mnahangaika na kodi, mi niliitwa saiti kodi iko safi, join (kujiunga) imepita, faili la Linux la /proc/net/mcfilter linaonyesha grupu na chanzo vizuri kabisa, data hakuna. Nikafungua /proc/net/igmp, kwenye eth0 imeandikwa V2. Kuna kifaa kizee kilikuwa kinauliza nani yuko kwenye grupu kwa IGMPv2, toleo la zamani la IGMP (itifaki ambayo mashine inamwambia rauta inataka grupu gani), Linux ikikisikia inashuka nayo V2, na ripoti ya V2 haina nafasi ya kutaja chanzo, so rauta kwa grupu la 232 inaipotezea tu. Tukaizima kweri (hayo maswali) ya kile kifaa, ripoti zikaanza kwenda 224.0.0.22, anwani ya ripoti za V3 zinazotaja chanzo, na picha zikaja. Kabla ya kugusa kodi pigeni tcpdump (programu ya kunasa paketi) ya igmp jamani.

kebo_ndefu: @fundi_swichi aisee hiyo sikuwahi kuifikiria. Wa Java je?

kahawa_chungu: Sisi tumelala mkuu, toka Java 7 DatagramChannel ina join unaipa grupu, intafesi na chanzo, huo mpangilio wa IP tatu inamalizana nao yenyewe. Ila hiyo ya fundi_swichi ya V2 inatupata wote.