Naomba ushauri: mume wangu amezama katika ukimya
Ndugu zangu, mimi ni Mtanzania ninayeishi Atlanta na mume wangu, Mmarekani mweusi, ambaye tangu amzike kaka yake miezi minane iliyopita chakula hakimpiti kooni, usingizi hauji, na akiulizwa hujibu kwamba hana neno. Nilipomsihi amwone mtaalamu wa afya ya akili, alinikumbusha utafiti wa Tuskegee, kule Alabama, ambako kuanzia 1932 hadi 1972 maofisa wa afya wa serikali waliwatazama mamia ya wanaume weusi wakiugua kaswende bila kuwatibu, hata baada ya penisilini kupatikana. Sikuwa na la kumjibu, kwa maana hofu hiyo si ya kubuni. Namba ya dharura ya 988, ya Marekani ya kuwasaidia wenye msongo wa akili au mawazo ya kujiua, tunayo, lakini mtu asiyezungumza na mkewe sidhani kama atampigia mgeni. Mahali pekee ninapomkuta akicheka ni kwa kinyozi wake, siku za Jumamosi. Je, nimwombe kinyozi huyo amdadisi taratibu, au nitakuwa nimemvunjia mume wangu heshima? Na ninyi ambao waume zenu hatimaye walikubali kumwona mtaalamu, mlianzaje mazungumzo hayo?