Kununua BMX: Kitwe na Ndola, Lusaka, ao kushuka mpaka Johannesburg?

Kinga_Katuba: Jambo wandugu. Mwezi ujao tunatoka Lubumbashi na gari kutafuta BMX, zile kinga (baiskeli) ndogo za mbio na za kuruka, za watoto wa kilabu yetu. Tunataka kuzunguka maduka sisi wenyewe, kushika kinga mukononi, si kuagiza kwa picha. Njia ni tatu: kukata mpaka wa Kasumbalesa na kuishia Kitwe na Ndola, kuendelea mpaka Lusaka, ao kushuka moja kwa moja Johannesburg. Ninyi mungechagua gani?

Yaya_Kamalondo: Watoto wangapi? Miaka mingapi? Kinga za mbio ao za kuruka ngazi? Na feza? Unauliza njia ya sokoni bila kusema unapika nini.

Dereva_Kopala: Na gari gani, usukani upande gani? Zambia wanapita kushoto. Johannesburg usiitaje kirahisi: kutoka Lusaka peke yake ni zaidi ya kilomita 1,500, upite mpaka wa Chirundu ao daraja la Kazungula. Na ile kadi ya njano ya COMESA inakufikisha Zambia na Zimbabwe. Afrika Kusini haimo.

Mama_Ruashi: Kadi ya njano si ile ya chanjo?

Dereva_Kopala: Zote mbili ni za njano, mama. Moja ya homa, ingine ya bima ya gari. Siku moja nilimutolea polisi ile ya homa, akaniuliza kama gari nalo limechanjwa.

Kadre_4130: Mimi nasema musinunue popote kama hamujui kusoma kadre. 2022 nilinunua BMX katika duka moja la Copperbelt, kule Kitwe na Ndola, jina naliacha. Ilikuwa inang'aa kama sahani ya harusi, na stika ya 4130 juu yake. 4130 ni chuma cha kromoli: unaweza kukifanya chembamba, chepesi, na kinavumilia. Muuzaji akatoa sumaku, ikanata. "Unaona, chuma kweli!" Nikakubali kama mjinga. Sumaku inanata kwa kromoli, inanata kwa chuma cha kawaida pia, kwa hiyo haisemi kitu. Nyumbani nikaipima kwa mizani ya muuza unga: kilo 15 na kitu. BMX ya kromoli tupu inacheza kwenye kilo 11. Wiki ya tatu kijana wangu akaruka ngazi nne, kadre ikapasuka chini ya kichwa, pale pa kuchomelea. Fundi akaitilia kiraka cha bomba, ikapasuka pembeni ya kiraka. Tukasema basi tuokoe gurudumu la nyuma: ekseli yake ya milimita 10, ile kadre ingine ya kijana inataka ya 14, haikuingia. Sasa kadre inaning'inia nyuma ya nyumba, bibi yangu (mke) anaanika nguo juu yake.

Zuri_Dar: Samahani jirani, kadre ndiyo nini?

Kadre_4130: Fremu yenu.

Zuri_Dar: Aa! Basi njooni Kariakoo, baiskeli za mtumba kutoka Japani zipo.

Dereva_Kopala: Dada, mpaka Nakonde na Tunduma, halafu Dar yenyewe? Ni Lusaka mara tatu na zaidi.

Kinga_Katuba: Munisamehe, umeme ulikatika. Watoto ni 6, wa miaka 9 mpaka 15. Gari ni Noah ya shemeji. Feza ni dola 1,400, pamoja na esansi (petroli), kulala na duane (forodha).

Yaya_Kamalondo: 1,400 kwa watoto 6, na esansi humo humo! Johannesburg mutarudi na helmeti mbili na picha.

Mzee_Makala: Mimi kinga isiyobeba kitu siielewi. Lusaka wanaunganisha kinga za Buffalo, za kubeba mizigo: keria ya nyuma inabeba kilo 100, breki unakanyaga pedali kinyumenyume. Chukua hizo.

Yaya_Kamalondo: Mzee, watoto wanataka kuruka.

Mzee_Makala: Waruke na makala (mkaa).

Kadre_4130: BMX ni mchezo wa Olimpiki, mzee. Mbio toka Beijing 2008, fristaili toka Tokyo.

Mzee_Makala: Na Olimpiki inanunua mufuko wa makala ngapi?

Mama_Ruashi: Turudi kwa watoto. Huyo wa miaka 9, kama ni mufupi, magurudumu ya inchi 20 yatamusumbua, mutafutie 18. Wakubwa wote 20, lakini wa miaka 15 anataka kadre ndefu. Mimi ningenunua 3 nzuri, wapokezane, feza ingine iende kwa shambre (mipira ya ndani) na cheni. Na mwende na mtoto mumoja akae juu ya kinga, musipime kwa macho.

Kinga_Katuba: Mama, hapo ndipo penye shida. Shemeji anasema bibi yake naye anakuja, ana manunuzi yake Kitwe. Noah ikilazwa viti vya nyuma inaacha nafasi ya kinga ngapi?

Dereva_Kopala: Inategemea manunuzi ya bibi.

Mzee_Makala: Kadre_4130, ile ya kuanikia nguo unauza?

Kadre_4130: Uliza bibi yangu.