Mwanangu kawachotea wakubwa maji mwaka na nusu, shule haikuona. Siku moja karudisha kipigo, kasimamishwa wiki tatu!

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa na hasira na usingizi sina, nikivuka mpaka mahali mniwie radhi. Shule siitaji, mkoa pia siusemi, jueni tu ni Nyanda za Juu Kusini. Dogo bado ni mwanafunzi pale na sitaki alipe deni la mdomo wa baba yake.

Jumanne saa tatu asubuhi napigiwa simu na mwalimu wa nidhamu. "Mzee, njoo umchukue kijana wako, amempiga mwenzake mpaka kumtoa damu." Salamu hakuna. Kesho yake alfajiri nikapanda basi pale Mbezi, Mikumi nimeipita sioni hata swala, Kitonga napanda nawaza mtoto wa watu kalazwa mahututi. Nafika jioni, "mahututi" wenyewe anacheza voliboli, plasta kwenye paji la uso.

Wangu nilimkuta kwenye benchi nje ya ofisi. Tranka pembeni, godoro limeviringishwa na kufungwa kamba ya katani kama mzigo wa mtu anayehama. Akanyanyuka kunisalimia. Nilipomshika mkono nikahisi kitu kigumu, nikaugeuza ule mkono: sugu. Zimejipanga kwenye mikunjo ya vidole vinne, kulia na kushoto, kama za mbeba zege. Mtoto wa kidato cha pili, miaka 15. Nikamuuliza hizi za nini.

"Za ndoo, baba."

Iko hivi. Bomba liko chini karibu na jiko, mabweni yako juu mlimani. Maji yanafunguliwa saa kumi alfajiri, saa kumi na mbili yanakatwa. Kila mkubwa ana njuka wake, yaani mgeni wa kidato cha kwanza, wa kumchotea. Wa mwanangu ni wa kidato cha nne, humu nitamwita Bwana Ndoo. Kila alfajiri dogo anapandisha ndoo mbili za lita 20 za Bwana Ndoo kwanza, ndipo ashuke kuchota yake. Mara nyingi akishuka mara ya tatu bomba limeshakatwa. Anaingia darasani hajanawa hata uso, halafu anachapwa kwa kosa la uchafu! Mwezi wa sita, baridi ya kule mnaijua. Alijua mateso ni ya njuka tu, akifika kidato cha pili yataisha. Wapi.

Mengine sitayamaliza. Kufuli la tranka halivunjwi, wanang'oa bawaba za nyuma, wanachukua sukari na dagaa wa kukaanga, kisha wanarudisha bawaba mahali pake, kwa hiyo ukienda kulalamika unaambiwa mbona kufuli zima. Mche wa sabuni unakatwa nusu kwa uzi mbele ya macho yako na unatakiwa useme asante.

Mtaniuliza alisema kwa nani. Alisema! Kwa patroni, mwalimu msimamizi wa bweni, akajibiwa "wewe ni mwanaume, hata sisi tulipita huko." Kwa kiranja wa bweni, ambaye ni rafiki wa Bwana Ndoo, na usiku huohuo akakuta godoro limemwagiwa maji. Kuna na sanduku la maoni ukutani, la bluu, limeandikwa vizuri kabisa. Ufunguo wake anatunza kaka mkuu.

Na alisema kwangu. Hapa ndipo usingizi unaponiruka. Likizo fupi ya mwezi wa tatu tulikuwa tunakula, akasema "baba, naomba unihamishe." Nikauliza kwa nini, akasema "basi tu." Nikamjibu vumilia, ada nimeshalipa, bweni ndilo linalomkomaza mtu. Akaendelea kula. Sikumwangalia hata mikono.

Sasa siku yenyewe. Jumatatu alfajiri kapeleka ndoo mbili kama kawaida. Bwana Ndoo, bado kajifunika blanketi, akamwambia alete na ya tatu, ana soksi za kufua. Dogo akashuka, akachota, akapandisha. Alipofika kitandani hakuiweka chini. Akaimwaga yote juu ya blanketi. Lita 20 za maji ya saa kumi na moja alfajiri! Jamaa akaruka kama kaungua, akamkaba shingo, na dogo akamtandika na ile ndoo tupu. Mshikio wa chuma ukampasua juu ya nyusi. Nyuzi tatu zahanati.

Sisemi alifanya vizuri. Ule mshikio ungeshuka kidogo tu lilikuwa jicho, na leo ningekuwa natafuta wakili, si kuandika huku. Hilo nimemwambia na ameinamisha kichwa. Ila kuna kitu kilinichekesha nikiwa na machozi: anasema bweni zima lilinyamaza, halafu kutoka vitanda vya mwisho njuka mmoja akapiga makofi mara mbili, akaacha.

Ofisini sasa. Mkuu wa shule kanisomea barua: kupigana, kujeruhi, utovu wa nidhamu, wiki tatu nje. Nikauliza na yule mwingine? "Amepewa onyo la mdomo. Unajua mzee, huyu tunamtegemea Novemba, ni mtu wa wani ya pointi saba, daraja la juu kabisa." Basi ndiyo hesabu yenyewe, wakuu. Mwanangu naye ana upimaji wa taifa wa kidato cha pili Novemba hiyohiyo, lakini picha yake haiendi kwenye bango la shule kule barabarani.

Usiku nikiwa naye gesti namwambia aoge, akawa anavua shati polepole. Kabla ya kunipigia simu walishamchapa. Nikamuuliza vingapi, kasema sita, na aliyechapa ni mwalimu wa zamu. Walimu mlioko humu mnajua: kanuni za viboko za 2002 zinasema visizidi vinne, achape mkuu wa shule au aliyemteua kwa maandishi, na iandikwe kitabuni. Asubuhi nikarudi kuomba hicho kitabu. Mkuu akasema karani aliyekifungia kabatini amesafiri. Karani huyohuyo aliniandikia risiti ya ada nusu saa kabla!

Najua kuna watakaokuja na "sisi tulionewa na tumetoboa maisha." Mimi ni mmoja wenu. 1996 nilikuwa njuka shule ya wavulana, nimempigia mama simu kwa kandambili mbele ya bweni zima, nimepima bwalo kwa njiti ya kiberiti, nimepuliza balbu ya umeme mpaka kichwa kikazunguka huku wakubwa wakicheka. Kitanda cha jirani yangu kulikuwa na kijana kutoka Singida, mpole, hesabu anazitafuna kama karanga. Wiki ya tano aliondoka usiku na hakurudi, tranka lake likabaki mpaka panya wakalitoboa. Huyo hatuulizwi kama alitoboa maisha. Na mimi nilipofika kidato cha tatu nilimtuma njuka akanifulie, tena nilimrudisha mara mbili kwa sababu kola haijatakata. Hakuna mwalimu aliyenifundisha hivyo, nilifundishwa na bweni lilelile ninalolisifia kwamba linakomaza. Kwa hiyo huyo Bwana Ndoo nikimchukia sana najikuta namchukia mtu ninayemjua.

Mwaka 2023 ulipotoka ule waraka wa kuzuia bweni kwa watoto wa chekechea hadi darasa la nne nilipiga makofi, nikasema wadogo wanahitaji mama. Kumbe nilidhani akifika sekondari ngozi inageuka kuwa gome. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamhesabu mtoto mpaka atimize 18. Patroni analipwa kwa ajili ya nini kama bwenini usiku serikali ni kidato cha nne?

Nilipo sasa: nimepiga 116, namba ya huduma kwa mtoto, mama wa upande wa pili kanisikiliza vizuri kuliko ofisi nzima ya ile shule, kaandika maelezo yote. Kesho naenda polisi, Dawati la Jinsia na Watoto, alama za viboko mgongoni nimezipiga picha na mikono pia. Bado nina barua ya shule mezani, wanataka nisaini kwamba "mzazi nimekiri kosa la mwanangu na sitafuatilia suala hili." Ndiyo, imeandikwa hivyo, sitafuatilia. Nisiposaini hapokelewi wiki tatu zikiisha.

Sijasaini. Mwenye uzoefu wa kupeleka jambo bodi ya shule au kwa afisa elimu sekondari wa wilaya anielekeze, naanzia wapi na barua inaandikwaje. Na kama kuna anayejua shule ya kutwa Dar inayopokea kidato cha pili katikati ya mwaka aniambie. Ada ya kule ikipotea ipotee. Dogo mwenyewe yuko sebuleni, saa kumi na robo alfajiri ameamka bila kuamshwa na mtu, amekaa tu kwenye kochi gizani.