Naomba ushauri: mikono ya msukuma chukudu inanishinda

Habari zenu wachoraji. Niko Goma, ninachora kwa penseli kijana anayesukuma chukudu (ile skuta ya mbao ya magurudumu mawili ya kubebea mizigo) yenye magunia ya makaa, nyuma yake ukuta wa mawe ya lava. Magunia yamekubali, hata kamba zinavyoyabana. Mikono ndiyo shida: vidole vinavyoshika usukani vinatoka vinene, vimenyooka, kama havina mzigo wowote, na kijana mwenyewe anabeba kweli! Ninataka akiiona picha ajitambue.

Nianze na mifupa ya kiganja, au umbo zima la ngumi kwanza? Halafu ukuta ni mweusi. Nikikoleza kivuli, kichwa chake kinapotea. Nikitenganishe vipi bila kufutafuta? Karatasi yangu ni nyepesi, raba inaichubua upesi.