Mfuko wa masomo wa kwaya zetu: je, kijana anayefadhiliwa afungwe kwa ahadi ya kutumikia?

Mweka hazina, Kampemba

Ndugu waimbaji na walimu wa kwaya, naomba ushauri wenu kabla ya Jumamosi ijayo, siku ya mkutano wetu.

Umoja wetu unaziunganisha kwaya sita za Kampemba na Rwashi hapa Lubumbashi. Kwa miaka mitatu sasa kila mwimbaji mwenye kipato hutoa franka elfu mbili kwa mwezi, na mapato ya tamasha letu la Noeli huingia katika mfuko huohuo. Nia yetu ni kwamba kijana mwenye kipaji cha muziki asiache shule wala asiache kuimba kwa sababu ya umaskini wa nyumbani. Tangu 2019 shule za msingi za serikali hazitozi ada, lakini mtoto akifika sekondari wazazi hurudi palepale pa kuhesabu noti, na masomo ya muziki ndiyo ya kwanza kukatwa. Mwaka wa kwanza tulimlipia msichana mmoja wa alto minervali, yaani ada, ya sekondari. Mwaka wa pili tulimlipia mvulana mpiga kinanda mwalimu wa mjini, mara mbili kwa wiki, pamoja na nauli ya teksi-basi.

Huyo wa pili ndiye aliyetuletea mjadala. Alipoanza alikuwa akipapasa nyimbo kwa kusikia tu. Baada ya miezi kumi na moja alikuwa akisoma noti za mistari mitano kwa mikono yote miwili bila kusitasita. Kisha kanisa jingine lenye vyombo vizuri likamwita na kumwahidi posho ya kila mwezi, naye akaenda. Jumapili iliyofuata tuliimba bila kinanda. Mwanzishaji aliupandisha wimbo juu mno, masoprano wakanyamaza kwenye ubeti wa pili, na sisi wa besi tukaumalizia peke yetu huku paroko akituangalia.

Wazee wamekasirika. Wanataka kila kijana atakayefadhiliwa atie sahihi kwamba ataitumikia kwaya yetu miaka mitano baada ya masomo, na asipofanya hivyo arudishe fedha zote. Karatasi hiyo nimeiandika mimi mwenyewe, lakini kila nikiisoma naona kuna kitu hakijakaa sawa. Je, jambo hili ni la haki, na je, linawezekana kisheria? Pia kuna wanaotaka mwaka huu fedha zote zimpeleke kijana mmoja Kinshasa kusoma katika Taasisi ya Taifa ya Sanaa, badala ya kusaidia watatu au wanne hapahapa. Mnaonaje?

Mwalimu wa kwaya, Katuba

Papa mweka hazina, nimefundisha kwaya kwa miaka ishirini na miwili, na naomba nianze na hao wazee. Katika muda huo nimepoteza watenori wengi kuliko ninavyoweza kuwahesabu, na karibu wote walikwenda Kolwezi kutafuta kazi migodini. Niliwafundisha kupumua, kusoma solfeji, kushika sauti yao wasichukuliwe na besi. Hakuna aliyewahi kuniambia niwadai fedha. Kijana wenu amehama kutoka Kampemba kwenda upande mwingine wa mji huuhuu, na bado anapiga kinanda kanisani. Mkimlinganisha na wangu, ninyi hamjapoteza sana.

Kosa, kwa maoni yangu, lilikuwa katika namna mlivyotumia fedha. Mlimlipia mtu mmoja aende kwa mwalimu, ilhali kwa nauli na malipo yaleyale mwalimu angeweza kuja kwenu mara moja kwa wiki na kufundisha wanane. Hapo akiondoka mmoja, wanabaki saba.

Kuhusu Kinshasa, tafakarini kwanza. Ile ni elimu ya juu, kwa hiyo kijana asiye na diploma ya serikali, yaani cheti cha kumaliza sekondari, hapokelewi hata awe na sauti ya malaika. Kutoka hapa mpaka kule ni zaidi ya kilomita 1500 hata ukipima kama ndege anavyoruka, nanyi mtalipa tiketi, kodi ya chumba na chakula kabla ya kulipa somo lenyewe. Zaidi ya hayo, wengi wa vijana wetu husoma solfeji ya herufi peke yake: d, r, m, f, na zile nukta na vistari vya kugawa mapigo. Ni njia nzuri, na sitaki mtu aidharau. Ilienezwa na John Curwen huko Uingereza katika karne ya 19 kwa ajili ya watu wa kawaida wasio na vyombo, na ndiyo maana ilitufaa. Ndani yake do huhama: leo do ni fa, kesho do ni sol, na mwimbaji hahangaiki. Lakini mpiga fidla au kinanda hutakiwa kusoma mistari mitano, ambamo kila noti ina mahali pake. Kijana asiyeijua mistari hiyo atatumia mwaka wake wa kwanza Kinshasa akijifunza kitu ambacho angejifunza hapa kwa gharama ndogo.

Mimi nilianza hivi. Nilichukua kipande cha makala, yaani mkaa wa kupikia, nikachora mistari mitano sakafuni mwa ukumbi, mirefu, yenye nafasi ya kutosha unyayo mmoja kati yake. Mtoto mmoja anaimba noti, mwenzake anaruka kwenye mstari au nafasi yake, na akikosea wote wanapiga kelele. Baada ya majuma matatu waliokuwa wakiogopa karatasi ya noti waliisoma kama wanavyosoma jina la mtaa. Uzuri mwingine ni kwamba makala hayajui delestaji, yaani mgao wa umeme: kinanda cha umeme hunyamaza saa kumi na mbili jioni, mistari inabaki.

Mkitaka mfano mkubwa zaidi, upo Kinshasa kwenyewe. Okestra ya Wakimbangu ilianzishwa mwaka 1994 na Armand Diangienda, mjukuu wa Simon Kimbangu mwanzilishi wa kanisa lao, ikiwa na watu ambao wengi wao hawakuwa wamewahi kushika fidla. Vyombo vilikuwa vichache, wakapokezana. Aliyejua kidogo alimfundisha asiyejua. Hawakungoja mmoja wao atoke kwanza chuoni.

Jambo moja la kuwaonya kuhusu uteuzi: msiwapime wavulana wa miaka kumi na tatu au kumi na minne kwa sauti peke yake. Umri huo sauti hukwaruza na kukatika, na nimeona kamati ikimwacha mtoto mwenye sikio bora kuliko wote kwa sababu siku ya majaribio alisikika kama jogoo mchanga. Mpimeni kwa kurudia mdundo, kwa kusikia tofauti ya noti mbili, na kwa kufika mazoezini.

Mwanasheria, Lubumbashi

Nitajibu upande wa sheria tu. Mtu huwa mtu mzima kisheria akitimiza miaka 18; ndivyo isemavyo Sheria ya Familia ya 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016. Kijana wa miaka kumi na sita akitia sahihi kwenye karatasi yenu, mnachokuwa nacho ni karatasi. Mzazi akisaini kwa niaba yake, mnamdai mzazi, yaani mtu yuleyule mliyesema hana uwezo wa kulipa minervali.

Kuna jambo la pili ambalo hamkuuliza. Kama umoja wenu umesajiliwa, au unataka kusajiliwa, kama shirika lisilo la faida, unaongozwa na sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001, ambayo inaeleza tangu mwanzo kwamba shirika la namna hiyo halitafuti kuwapatia wanachama wake faida ya mali. Ufadhili unaotolewa kwa siri kwa mtoto wa mwanakamati unaweza kuonekana kuwa faida ya namna hiyo. Kwa hiyo andikeni katika katiba yenu kwamba kusaidia masomo ya vijana ni mojawapo ya malengo, tangazeni vigezo mbele ya kwaya zote sita, na mwanakamati mwenye ndugu miongoni mwa waombaji atoke chumbani wakati wa kupiga kura. Fedha zilipwe moja kwa moja shuleni au kwa mwalimu, kwa stakabadhi, zisipitie mkononi mwa kijana wala mwa mweka hazina. Papa, usikasirike, hilo linakulinda wewe kwanza.

Alto wa zamani, Bukavu

Mimi nilikuwa mfadhiliwa wa namna hiyo, si kwenu, bali katika kwaya moja hapa Bukavu ambayo sitaitaja. Nilitia sahihi nikiwa na miaka kumi na saba, na mama yangu akatia dole gumba chini yangu.

Walichonilipia ni karo ya miaka miwili ya mwisho ya sekondari, nami nawashukuru mpaka leo, kwa sababu bila wao nisingekuwa na diploma. Lakini tangu siku ile sikuwa tena mwimbaji. Nilikuwa mdaiwa anayeimba. Msiba Kadutu, harusi Bagira, ugeni wa padri Ibanda, mimi lazima niwepo, na nikikosa, mtu hupiga simu nyumbani kumuuliza mama kama mtoto wake amesahau nani anamsomesha. Wiki ya mtihani wa serikali niliimba kwenye mazishi mawili. Wenzangu wa soprano, ambao hawakufadhiliwa, walikuwa nyumbani wakisoma.

Baada ya diploma nilitumikia miaka yote iliyoandikwa. Deni langu lilikwisha Jumapili ya mwisho ya mwezi Juni, na Jumapili iliyofuata sikwenda. Ni miaka minne sasa. Kiongozi wa kwaya anasema nimeasi.

Mzee wa besi, mtaa wa Kenya, Lubumbashi

Nimesoma yote, na bado sikubaliani kwamba wazee wamekosea moja kwa moja. Hizo franka elfu mbili hazitoki kwa matajiri. Hapa mtaani kwetu Kenya namfahamu mama anayeuza makala kwa sahani, ambaye hutoa mchango wake kila mwezi, kwa sarafu na noti zilizochakaa, na hajawahi kukosa. Mama huyo akimwona kijana aliyemsomesha anapiga kinanda kwingine bila hata kuja kuaga, moyo wake unavunjika, na mwezi unaofuata hatoi. Mkiwafikiria vijana, mfikirieni na yeye.

Binti yangu wa Bukavu, pole sana. Hayo uliyofanyiwa ni utumwa, na sisemi yafanywe hapa. Lakini kijana kutokuwa na wajibu wowote nako si malezi. Huyo wenu aliondoka kimya, na hapo ndipo kosa lake lilipo. Angekuja akasema, "Wazee wangu, nimepata kazi, nawashukuru, nitawafundisha wadogo wawili kabla sijaondoka," nani angemzuia?

Mwanafunzi wa UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi)

Shikamooni wazee. Ningependa kuongeza mfano wa mbali, kwa sababu unagusa swali la muda wa wajibu. Katika King's College huko Cambridge, iliyoanzishwa na mfalme Henry VI mwaka 1441, katiba ya mwanzilishi iliagiza kwaya iwe na wavulana kumi na sita, na mpaka leo wavulana hao husoma katika shule ya chuo. Sauti za chini huimbwa na wanafunzi wa chuo kikuu wanaopewa ufadhili wa kwaya. Wanaimba ibada wakati wa muhula, wanasoma masomo yao, na wakihitimu wanakwenda zao, iwe kwenye uimbaji, ualimu au udaktari. Wajibu na ufadhili vinakwenda sambamba na vinaisha pamoja. Nadhani hapo Mzee wa besi na Yaya (dada yetu) wa Bukavu wanaweza kukutana: kijana aimbe na afike mazoezini wakati analipiwa, ila wiki za mitihani aachwe asome, na malipo yakiisha awe huru.

Mweka hazina, Kampemba

Nawashukuru wote. Yaya wa Bukavu, maneno yako nimeyasoma mara mbili, na ile karatasi ya miaka mitano nimeichana.

Jumamosi nitapeleka pendekezo hili. Wajibu wa kijana uwe wa muda ule tu anaolipiwa, na wiki za mtihani wa shule asiitwe popote, hata kwenye msiba wa mwanakamati. Kila mfadhiliwa achukue wadogo wawili na kuwafundisha anachofundishwa, na anayetaka kuondoka aje kuaga. Baada ya tamasha la Noeli vijana wasimame mbele ya watoa michango, waseme walichojifunza na kukionyesha. Huyo mama wa makala akae kiti cha mbele, na Mzee wa besi atusaidie kumleta. Fedha zilipwe kwa stakabadhi kama mwanasheria alivyoshauri, na mimi nitatoka chumbani wakati wa kura, kwa sababu mpwa wangu ameomba. Safari ya Kinshasa tuiahirishe mpaka tupate kijana mwenye diploma anayesoma mistari mitano.

Mpiga kinanda wetu nilimpigia simu jana usiku. Alidhani nataka fedha, akaanza kujitetea kabla sijasalimia. Nilipomwomba aje siku za Alhamisi kuwafundisha wadogo wawili, alikaa kimya kidogo, kisha akauliza kama kinanda cha parokia bado kina ile noti ya "si" isiyolia. Bado ipo, na amesema atakuja na bisibisi.

Mwalimu wa Katuba, naomba uniandikie siku unayopatikana mwezi huu. Ukumbi wetu una sakafu ya saruji, na makala hayakosekani.